Zamu ya Usiku, Mnara wa Pili

Baba, geji imetulia kwenye nyuzi mia tatu na ishirini
nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
soksi mbili kila mguu, nakula wali baridi.
Nje, Muroran imezama thelujini hadi kwenye madirisha ya maghala.

Jumapili uliniuliza, kati ya pumzi na pumzi,
mrija wa oksijeni ukikukuna puani:
"Kwani hasa unafanya kazi gani huko, Tomoe?"
Nikajibu, "Natunza mafuta."
Nilitoa uongo mfupi kwa kuwa ukweli ulikuwa mrefu.

Ukweli ni huu.
Mwezi wa nane upepo ulivuma bure juu ya ghuba,
mapanga ya mitambo yakazunguka usiku kucha
na mji umelala, hakuna wa kuutumia umeme.
Kwa umeme ule tukayapasua maji,
tukabaki na haidrojeni mkononi,
mtoto asiyekubali kubebwa na yeyote.
Ukiifungia, hupenya hata chuma.
Ukiibana, inataka ukuta wa gereza.
Ukitaka iwe kimiminika, inadai baridi
ambayo mbele yake Februari yetu ni joto la jikoni.

Ndipo tukamtafuta hamali.
Unamjua. Uliishi naye miaka thelathini na mmoja:
toluini,
ile harufu ya gundi ya viatu uliyorudi nayo
kutoka tanuri za makaa, ikakaa kwenye kola.
Mama aliifua kwa maji ya moto, akaifua tena,
haikutoka mpaka alipotoka yeye.

Ni pete ya kaboni sita zilizoshikana mikono,
zimeridhika, hazitaki mgeni.
Haidrojeni ingebisha hodi mwaka mzima
na mlango usifunguliwe.
Lazima awepo mshenga.

Mshenga wetu ni rutheni, vumbi jeusi
lililopakwa juu ya punje nyeupe, ndogo kama mtama.
Hali karamu, hachezi ngoma.
Huwashika hawa, huwashika wale, huwasogeza,
atomu sita zinaingia, pete inalegea,
naye anabaki vilevile, mikono mitupu,
anangoja posa nyingine.
Ila akionja salfa, hata chembe, huduwaa akafa.
Mwaka juzi tulimtoa kwa koleo, magunia arobaini,
Sugawara akavua kofia. Nilidhani anatania.

Agosti nzima mnara wa kwanza ulitoa joto la bure,
tukakimbizana na maji ya kuupoza.
Kukopa ilikuwa harusi.
Sasa ni matanga: huku mnara wa pili
atomu zilezile hazitoki bila moto,
na kadhi wa talaka hii, platini, hasikilizi
mtu aliyekuja na kuni chache.
Ninalipa. Kila nyuzi ninayoipandisha ninailipia
kwa sehemu ya kile ninachokidai.
Paka wa bandarini ndio wenye faida,
wamelala wanne kwenye bomba la kurudishia.

Saa tisa kasoro nguzo ziliangushwa na barafu upande wa milimani.
Nikaona taa za mtaa wako zikizimika,
kisha, kabla sijahesabu kumi, zikawaka.
Gesi ilikuwa imeshafika kwenye jenereta.
Nikauwaza ule mtambo kando ya godoro lako,
unavyokoroma, unavyokusukumia hewa,
na upepo wa Agosti ndani yake,
upepo uliolalamika kuwa unakuangushia nguo kambani.

Mafuta yanarudi tangini, yametua mzigo,
yenye harufu ileile ya zamani,
tayari kwa kiangazi kingine.
Sijui kama Jumapili nitakueleza.
Utasema, "Basi ni mafuta," na kweli ni mafuta.

Nimenusa kola ya koti langu.
Nimeinusa tena.
Geji inasoma mia tatu ishirini na nne.
Napunguza.